Ndugu mwenye baipola anapokunywa: mwongozo wa nyumbani

Mara ya tatu kaka yangu alipopandisha, tulimkuta uani saa tisa usiku anafua mapazia ya nyumba nzima, redio inalia mpaka jirani kawasha taa. Kando ya beseni palikuwa na kreti, chupa saba tupu. Mama akasema ni pombe. Wifi akasema siyo pombe, ni ule ugonjwa. Wakabishana pale pale mlangoni, kila mmoja na ushahidi wake, na mwenyewe anaendelea kusuuza.

Ubishi ule ulitula miaka minne. Mama alikuwa akimpeleka kwenye maombi ya kuacha pombe, asitaje vidonge. Wifi alikuwa akimpeleka kliniki ya akili, asitaje chupa. Mimi si daktari, ni dada mtu niliyejifunza kwenye mabenchi ya kliniki na kwa makosa yetu wenyewe. Haya nawaandikia walio kwenye nyumba kama yetu.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Baipola, ugonjwa wa akili unaoyumbisha hali ya mtu, ina misimu. Kuna msimu wa kupanda: mtu analala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na hachoki, maneno yanamtoka kama maji ya bomba, anaanzisha biashara tano kwa siku, anagawa hela, anagombana na kila anayemwambia apunguze. Hali hiyo inapofika wiki nzima, siyo uchangamfu tena. Halafu kuna msimu wa kushuka, yaani sonona: wiki mbili au zaidi haogi, hali, hajibu simu, haoni sababu ya kuamka. Katikati ya misimu anakuwa mzima kama wewe na mimi, na hapo ndipo familia hujidanganya kwamba imekwisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu.

Na pombe? Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1980, watu zaidi ya 20,000 walihojiwa. Kati ya wenye baipola ya aina ya kwanza, ile yenye kupanda kukali, karibu 46 katika kila 100 waliwahi kuwa na tatizo la pombe maishani. Kwa watu wote kwa jumla walikuwa kama 14 katika kila 100. Basi ukiona vitu hivi viwili vimekaa nyumba moja, usidhani mmerogwa ninyi peke yenu.

Sababu ni nyingi: kuna ya kurithi, kuna ya mtu kujitibu mwenyewe, kuna ya breki kukatika wakati wa kupanda. Ila ukitaka kuona kwa macho yako mahali vinaposhikana, tazama usingizi. Bia nne humlaza mtu haraka saa nne usiku, lakini pombe ikianza kuisha mwilini usingizi unakatika, saa tisa macho kodo. Usiku mmoja wa hivyo, kwako wewe ni uchovu tu wa kesho yake. Kwa mwenye baipola, usiku mbili tatu mfululizo zinaweza kumpandisha. Akishapanda, anakunywa zaidi. Akishuka, anakunywa ili alale.

Hatua ya kwanza: nunua kaunta buku

Kabla ya kugombana na mtu, kabla ya kwenda popote, anza kuandika. Kila siku mstari mmoja: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kanywa nini na kiasi gani, dawa kameza au hakumeza, na hali yake kwa namba. Sisi tulitumia sifuri mpaka kumi: sifuri hawezi kunyanyuka kitandani, tano yuko sawa, kumi anafua mapazia usiku.

Usiandike kwa siri kama polisi. Tulianza hivyo, akalikuta daftari chini ya godoro la mama, tukakaa wiki mbili hatusemeshani. Sasa anaandika mwenyewe anapokuwa mzima, wifi anaandika anapokuwa hawezi.

Wiki ya sita daftari likatuonyesha jambo ambalo hakuna aliyelijua. Kulikuwa na msiba Moshi. Ijumaa hakulala, yuko kwenye basi. Jumamosi kakesha msibani, hajanywa hata tone. Jumapili usiku kaanza na mbege, Jumatatu kahamia kwenye bia, Jumatano tumeandika namba tisa. Kumbe kwake usiku uliopotea ulitangulia chupa. Mama alisoma ule ukurasa mara mbili, akaurudisha mezani kimya. Kwa mgonjwa wenu huenda chupa ndiyo inatangulia. Bila kuandika hamtajua, mtabaki kubishana mlangoni.

Hatua ya pili: hesabu pombe kwa kipimo, siyo kwa chupa

"Nilikunywa mbili tu" ni sentensi isiyo na maana mpaka ujue mbili za nini. Kipimo kimoja kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo hiyo ni vipimo viwili. Kichupa cha robo lita cha pombe kali ya asilimia 35 kina karibu vipimo saba, na kinaingia mfuko wa shati. Viroba vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini vichupa vidogo vipo. Mbege, ulanzi, komoni, mnazi na busaa hazina lebo, kwa hiyo andika lita na uache hesabu kwa daktari. Gongo au chang'aa andika kwa wino mwekundu, maana humo mtu anaweza kunywa sumu inayopofusha macho.

Kuna dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT, lililotengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani na kujaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Wauguzi wengi wa kliniki za akili wanalijua. Alama ni sifuri hadi 40. Kuanzia 8 unywaji una hatari, na 20 kwenda juu kuna uwezekano mkubwa kwamba mwili umeshazoea na hauwezi tena bila pombe. Mwache ajibu mwenyewe akiwa hajalewa. Kaka alijipa 11, wifi akampa 23, na daktari akacheka akasema ukweli unakaa karibu na wifi.

Hatua ya tatu: usimwage pombe yote kwa hasira

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipokaribia kumzika.

Ijumaa moja mama alichoka. Alikusanya kila chupa, akazimwaga kwenye karo, akafunga geti, funguo akaweka kifuani. Jumamosi asubuhi kaka alikuwa anatetemeka mikono mpaka chai inamwagika, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Tukasema ni alosto tu, itapita. Jumapili alfajiri akaanguka degedege chumbani. Mjomba akaanza kukemea mapepo, mtoto wa jirani akaleta kitunguu cha kunusisha, na mtu aliyekuwa na akili timamu pale alikuwa bodaboda tuliyempigia simu. Yeye aliuliza swali moja, "Hospitali gani?"

Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla hujibu kwa ratiba yake. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho. Degedege nyingi hutokea ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuja hali mbaya zaidi: homa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, kutojua leo ni siku gani wala yuko wapi. Hiyo inaua.

Kwa hiyo jiulize swali hili kabla ya kugusa chupa: je, asubuhi anahitaji ya kuzimua ndipo mikono itulie? Au aliwahi kuanguka degedege alipoacha? Kama ndiyo, kuacha kwake kuanzie hospitali. Huko atapewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa. Dripu ya glukosi bila B1 inaweza kumharibu ubongo, kwa hiyo uliza kwa adabu, "Samahani daktari, ameshapata ya B1?" Hakuna atakayekupiga.

Na jihadharini na kosa hili: aliyechanganyikiwa kwa kukatiwa pombe anafanana na aliyepandisha. Wote hawalali, wote wanaongea hovyo. Lakini kutetemeka, homa na kutojua mahali alipo ni ishara za hatari ya pombe. Usiamue mwenyewe. Kazi yako ni kumwambia daktari saa ya chupa ya mwisho.

Kama hana dalili hizo na anakunywa mwisho wa wiki tu, basi sawa, ondoeni pombe nyumbani. Hata hivyo ondoeni naye akiwepo.

Hatua ya nne: sema yote mawili kwa pumzi moja

Ukifika mbele ya daktari muda ni mfupi na foleni nyuma yako ni ndefu. Sentensi yetu siku hizi ni hii: "Daktari, mgonjwa ana baipola na anakunywa pombe. Chupa ya mwisho ilikuwa jana saa mbili usiku. Dawa zake ni hizi, na daftari ni hili." Weka maboksi ya dawa mezani, yote, hata ya presha na ya vidonda vya tumbo.

Si lazima uende mbali. Mirembe ya Dodoma ipo tangu 1927, Nairobi kuna Mathari, Kampala kuna Butabika, Unguja kuna Kidongo Chekundu, lakini hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya akili yenye siku zake. Uliza siku mapema, usimsafirishe mgonjwa bure.

Hospitali moja, jina silitaji, ilitujibu: "Aache pombe kwanza, ndipo arudi tumtibu hiyo baipola." Tukarudi nyumbani tumenywea. Leo ningejibu kwamba vitibiwe pamoja. Mwaka 2005 Marekani kulichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 59 wenye baipola na uraibu wa pombe. Wote walikuwa wanapata lithiamu, dawa ya kushikilia hali isipande wala kushuka, pamoja na ushauri nasaha, na nusu yao wakaongezewa valproate, dawa nyingine ya kazi hiyo, kwa wiki 24. Waliopewa valproate siku zao za kunywa sana zilipungua kuliko wenzao. Jaribio lilikuwa dogo, lakini maradhi yote mawili yalitibiwa pamoja.

Jambo moja ambalo daktari anaweza kukuomba usubiri ni dawa ya sonona. Pombe peke yake humfanya mtu aonekane ana sonona, na ikikatika kwa wiki kadhaa huenda nusu ya huzuni ikaondoka nayo. Tena mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake, bila dawa ya kushikilia hali, anaweza kurushwa juu. Kwa hiyo vidonge vya jirani "vilivyomsaidia kulala" vibaki kwa jirani.

Hatua ya tano: jua dawa yake inavyogombana na chupa

Kosa la kwanza tulilolifanya sisi, na nimelisikia kwa wengi kliniki, ni hili: "Leo nina sherehe, nitakunywa, kwa hiyo dawa nitaruka." Kuruka dozi za Ijumaa na Jumamosi kila wiki ni sawa na kutokuwa kwenye dawa. Muulize daktari mapema, kwa dawa yake hasa, afanye nini akiteleza akanywa. Usisubiri siku ya sherehe.

Lithiamu ina nafasi nyembamba kati ya kutibu na kudhuru. Damu hupimwa saa 12 baada ya dozi, kwa hiyo aliyemeza saa tatu usiku apimwe saa tatu asubuhi kabla ya kumeza nyingine. Kwa matunzo ya muda mrefu kiwango kinachotakiwa mara nyingi ni 0.6 hadi 1.0. Sasa fikiria Jumapili ya mlevi: kakojoa usiku kucha, katapika, hajanywa maji, kichwa kinagonga, anaenda duka la dawa anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Kukauka maji kunapandisha lithiamu, na dawa hizo za maumivu zinaipandisha tena. Akianza kutetemeka kwa nguvu, kuhara, kutapika, kuyumba na ulimi kuwa mzito, watu watasema bado kalewa. Asiachwe alale. Apelekwe hospitali, na mseme neno lithiamu mlangoni.

Valproate na kabamazepini, ambazo ndizo utakutana nazo mara nyingi kwetu, zinapita kwenye ini, lile lile linalohangaika na pombe, kwa hiyo vipimo vya ini visisahaulike. Mwanamke anayeweza kushika mimba aongee na daktari kabla ya valproate, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni. Kabamazepini nayo inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na inagongana na baadhi ya ARV, basi yasifichwe hayo.

Diazepam na dawa nyingine za kulaza zikikutana na pombe zinaweza kuzima pumzi usingizini. Hii haina mjadala.

Halafu kuna wale wanaouza mitandaoni "dawa ya kumwachisha pombe bila yeye kujua", ya kutia kwenye chai au uji. Ipo dawa halali inayomfanya mnywaji aumwe akinywa, lakini hupewa mtu aliyekubali, aliyepimwa, tena kwa tahadhari kubwa akiwa ana ugonjwa wa akili. Akiwekewa kwa siri akanywa bia nne, moyo unaweza kumwenda mbio na presha kuanguka. Na siku akigundua, hatakula tena chakula cha nyumba hiyo, wala hatameza kidonge kutoka mkononi mwako. Mama alishatuma hela ya kuagiza. Wifi alimwahi.

Hatua ya sita: mwandikie mkataba akiwa mzima

Mambo magumu yaongeleeni kwenye namba tano. Siku ya namba tisa hakuna mazungumzo, ni kelele tu. Kaka alikaa na sisi Jumapili moja mchana, tukaandika kwa maneno yake mwenyewe:

"Nikilala chini ya masaa matano kwa usiku mbili mfululizo, mke wangu anipeleke kliniki bila kunibembeleza. Kadi ya benki na namba ya siri ya simu akae nazo dada mpaka daktari aseme. Nikisema mmenisaliti, mnisamehe, lakini msinirudishie. Msiniite kichaa mbele ya watoto."

Akasaini, nasi tukasaini. Hilo la hela ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana siku hizi mtu anaweza kukopa kwenye simu akiwa amekaa baa, na akishuka miezi miwili baadaye deni ndilo linalomsukuma kunywa tena.

Misiba, harusi na sikukuu zipangiwe. Kwenye msiba wa mbali kaka huenda mchana, hulala nyumba ya wageni, harudi na basi la usiku. Wazee walinuna mara ya kwanza. Kwa Waislamu, Ramadhani hubadilisha saa za kulala na za dawa, na mwenye lithiamu anakaa bila maji kutwa nzima. Aongee na daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo, na asione haya kuambiwa asifunge.

Vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vimemsaidia sana kaka, anavipenda kuliko kliniki. Ila mjumbe mmoja alimwambia kidonge nacho ni kilevi, atupe. AA wenyewe katika maandiko yao hawaruhusu mwanachama kujifanya daktari wa mwenzake, mwonyeshe hivyo. Kama mnafikiria nyumba ya upataji nafuu, yaani sober house, ulizeni kabla ya kulipa: nani atampa dawa zake za baipola, daktari wa akili anakuja lini, na akipandisha usiku mnamfanyaje? Wakikwambia wanamfunga, ondokeni.

Akianza kuongelea kifo

Sonona ikichanganyika na pombe ni mahali pa hatari kuliko pote nilipopataja. Akisema amechoka, ninyi mtakuwa na nafuu bila yeye, akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi: "Kaka, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizi mtu wazo. Kaka alijibu ndiyo, akalia, ikawa mara ya kwanza kulia mbele yetu tangu baba afariki.

Asiachwe peke yake usiku huo, hata dakika kumi. Dawa zake zote, sumu ya panya, dawa za shambani na kamba viondoke chumbani, na tangu hapo vidonge mpeni vya siku chache kwa wakati. Mpelekeni hospitali yoyote yenye dharura, si lazima iwe ya akili. Kwa walio Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali, ni ya bure kwa masuala ya pombe na dawa za kulevya.

Kaka ana miezi kumi na moja tangu aamue kuacha pombe, ingawa ameteleza mara mbili katikati na zote ziko kwenye daftari, kwa mwandiko wake. Hili ni kaunta buku la tatu. Mstari wa jana: kalala saa nne na nusu, kaamka saa kumi na moja na robo, pombe hakuna, dawa tayari, hali tano. Pembeni kaongeza, "Mapazia yafuliwe Jumamosi. Mchana."